Kosa la Kukunja Ndege

Nchi ninayoisimulia haipakani na nchi yenu, na mkiona kitu kinafanana na cha kwenu, basi ni macho yenu yamechoka. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko watu wanaozijua, na ina uwanja wa ndege uliojengwa kwa marumaru tupu. Kitu pekee kilichokosekana katika uwanja huo ni ndege.

Si kwamba haikuwahi kuwapo. Ilinunuliwa moja, ikapakwa rangi za bendera, ikazinduliwa kwa ngoma. Siku iliyofuata Waziri wa Usafiri akapanda nayo kwenda ughaibuni kuhudhuria mkutano kuhusu uaminifu, na mkutano huo haujaisha mpaka leo. Wahudumu wa uwanjani waliendelea kutangaza safari kwa sauti tamu, maofisa wakaendelea kugonga mihuri, na abiria wakaendelea kuagana na ndugu zao kwa machozi, kisha jioni wanarudi nyumbani kwa miguu. Hakuna aliyelalamika. Kulalamika huko kunahitaji kibali, na afisa wa vibali alikuwa amefuatana na waziri.

Rais wa nchi hiyo, ambaye cheo chake kamili ni Rubani Mkuu wa Taifa ingawa akipanda ngazi tu hushikwa na kizunguzungu, alilifikiria jambo hilo kwa muda, kisha akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "ndege ni nini? Ni kitu kinachoruka. Sasa karatasi ikiruka, yuko wapi huyo atakayesema si ndege?"

Wananchi walitazamana. Kweli, hakuwapo.

Basi Shirika la Ndege la Taifa likawa la karatasi. Siku ya uzinduzi mabalozi walialikwa, kwaya ikaimba, na Rubani Mkuu akapewa ndege ya kwanza airushe. Aliirusha kama anavyohutubia, kidole chini na nguvu nyingi, nayo ikaenda moja kwa moja ikachoma pua kwenye kiatu chake mwenyewe cha kulia. Redio ya taifa ilieleza kwamba lilikuwa jaribio la kutua, na kwamba lilifaulu. Lakini balozi wa nchi jirani alikohoa, na kikohozi chake kilifanana mno na kicheko.

Kwa ajili ya kikohozi hicho mambo yakamfikia Mwalimu Siwatu.

*

Siwatu alifundisha fizikia katika sekondari ya wasichana, na aliishi na mama yake, Bi Mgeni, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba. Hakuwa na makuu. Alipenda chai ya tangawizi, alichukia wanafunzi wanaonakili, na katika maisha yake alikuwa na furaha moja ambayo watu wazima wenzake waliiona ya kitoto: kukunja ndege za karatasi. Kila mwaka, mada ya hewa ikifika, aliwapandisha wasichana wake ghorofa ya juu ya bweni, kila mmoja na ndege yake, wakazirusha juu ya bustani ya shule.

"Hewa haipigwi," aliwaambia. "Inaombwa. Ukiipiga, inakurudishia."

Alikuwa na mdogo wake mmoja, Bushiri. Baba alipofariki, Siwatu alikuwa ameshapata nafasi ya kwenda kusoma nje, akaiacha ili mdogo wake amalize shule, na hakuizungumza tena nafasi hiyo. Kabla ya hapo, Bushiri alipougua surua akiwa mdogo na kuzuiwa kutoka chumbani, ni Siwatu aliyesimama mlangoni akamrushia ndege za karatasi zikatua juu ya shuka lake, moja baada ya nyingine, mpaka homa ikashuka. Bushiri alikua kijana mtanashati mwenye maneno laini, akaajiriwa Wizara ya Anga. Kazi yake ilikuwa kutoa taarifa kila asubuhi kwamba anga lipo.

Jumapili iliyofuata kikohozi kile, Bushiri alikuja nyumbani na kuku mkononi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Wizara nzima imekonda. Yule balozi alikohoa mbele ya kamera." Aliketi, akavua viatu kama zamani. "Dada, wanatafuta ndege itakayomstahi mzee. Wahandisi wameshindwa. Nikasema moyoni, mbona mtu ninaye nyumbani."

Siwatu alijaribu kuficha kwamba amefurahi, akashindwa. "Mkono wake ukoje?"

Bushiri alichungulia dirishani kwanza. "Unatetemeka kidogo. Na anarusha kuelekea chini."

"Kwa nini chini?"

"Ndiko tuliko sisi."

Walicheka, na Bi Mgeni akatoka jikoni na sinia la chai kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, hakucheka. Alimgusa binti yake begani. "Mfanyie mdogo wako, mwanangu. Huenda mlango ukamfungukia."

Siwatu aliifanya kazi hiyo jioni baada ya jioni, baada ya kusahihisha madaftari. Hakutaka ndege ya kasi. Alitaka ndege itakayomsamehe aliyeirusha. Aliizidishia uzito puani, akainua ncha za mabawa kidogo kama mtu anayeinua mabega kusema sijui, na mkiani akaweka mkunjo mdogo ulioelekea juu, ili hata ikirushwa chini ijivute yenyewe ipae. Aliirusha vibaya makusudi, kwa mkono wa kushoto, kwa hasira, kwa kuchoka, akiigiza hotuba zote alizowahi kusikia. Kila mara ilishuka, ikasita, kisha ikanyanyuka. Aliiita mbayuwayu.

Alipomkabidhi Bushiri ndege za kutosha kwa msimu mzima wa sherehe, hakutaka malipo. "Ninaomba jambo moja. Wasichana wangu waje uwanjani, na isemwe kwamba ndege imetoka shuleni kwao. Basi."

"Dada," Bushiri alisema, akaweka mkono kifuani, "jina lako litatajwa kabla ya jina la waziri."

*

Siku ya sherehe wasichana walikaa jukwaa la jua kali, wamevaa soksi nyeupe, na Siwatu katikati yao. Rubani Mkuu alisimama, akainua mbayuwayu, akaitupa chini kwa nguvu zake zote kana kwamba ni mpinzani wa kisiasa.

Ndege ilishuka. Kisha, usawa wa magoti ya wakuu wa majeshi, ikasita, ikainua pua, ikapanda. Ilipita juu ya bendi ya polisi, ikapita juu ya mabalozi, ikazunguka uwanja bila haraka, nyeupe dhidi ya mlima, ikiyumba kidogo kila ilipokutana na joto la watu. Hata wapiga tarumbeta waliacha kupiga ili waitazame. Siwatu alisahau alipo. Alikuwa akiisindikiza kwa bega lake, akiegemea kila ilipoegemea, na ilipotua kwenye nyasi mbele ya jukwaa kuu alijikuta analia, na wasichana wake wanalia pia bila kujua kwa nini.

Bushiri alisimama kwenye kipaza sauti. Alivaa suti ambayo Siwatu hakuwahi kuiona.

"Ndege hii," alisoma, "ilivumbuliwa na Mtukufu Rubani Mkuu mwenyewe akiwa bado ananyonya, pale alipoikunja nepi yake kwa ustadi uliomtoa jasho yaya wake. Tangu siku hiyo ameibeba siri ya mkunjo huo kifuani, akisubiri taifa likomae."

Watu walipiga makofi. Msichana mmoja alimvuta Siwatu mkono wa gauni. "Mwalimu, si ile yetu?"

"Tulia, mwanangu. Hotuba haijaisha."

Hotuba ilisifu nepi, ikamsifu yaya, ikasifu kampuni ya viti vya plastiki iliyodhamini sherehe. Kisha ikaisha. Bushiri alikunja miwani yake, akashuka, na hakutazama jukwaa la jua.

Taarifa ya habari ya jioni ilimtangaza kuwa Naibu Waziri wa Anga. Bi Mgeni alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Naibu Waziri alipofika nyumbani na walinzi wake, alimvuta dada yake pembeni.

"Niliandikiwa, Dada. Ningefanyaje pale mbele? Sasa kwa kuwa niko ndani, nitalirekebisha taratibu."

Siwatu alimwangalia usoni akamwona yule mtoto wa surua. "Sawa," alisema. "Taratibu."

*

Nchi iliyogundua kitu cha thamani lazima ikilinde. Bunge lilikaa asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Mikunjo. Kuanzia hapo mkunjo wowote ulikuwa mali ya taifa, na mwenye kutaka kukunja alipaswa kuomba leseni katika Kamisheni ya Mikunjo, ghorofa ya sita, kwa fomu isiyokunjwa.

Kamisheni ilifanya kazi kwa bidii. Wauza karanga walikamatwa kwa kosa la kufunga karanga katika karatasi yenye pembe tatu. Barua za posta zilisambazwa zikiwa zimenyooka, na wasambazaji wakazisoma njiani ili muda usipotee bure. Wakaguzi waliingia hospitalini wakakuta shuka zimekunjwa vizuri kabatini, na muuguzi wa zamu akaandika maelezo. Mchungaji mmoja aliyekunja mikono wakati wa sala aliachiwa kwa onyo. Wananchi walizoea, kwa sababu walikuwa na mazoezi ya kuzoea.

Mada ya hewa ilipokaribia, Siwatu alikwenda ofisini kwa mdogo wake. Alikaa kwenye chumba cha kusubiria pamoja na picha kubwa ya nepi iliyowekwa kwenye fremu. Hatimaye akaruhusiwa kuingia.

"Bushiri, wasichana wananiuliza kama mwaka huu tutarusha. Nikatae? Sitaki kukuletea matatizo."

Bushiri alizungusha kalamu yake. Alitazama meza, akatazama kiyoyozi, kisha akamtazama dada yake na kutabasamu lile tabasamu lake la tangu utoto.

"Rusheni tu, Dada. Hiyo sheria ni ya watu wa mitaani. Nitazungumza na wakubwa."

"Una hakika?"

"Mimi si mdogo wako?"

Siwatu aliondoka moyo mweupe. Njiani alinunua karatasi nzuri.

Siku yenyewe upepo ulikuwa mtulivu. Wasichana walijipanga kwenye baraza ya ghorofa ya juu, wakarusha kwa pamoja, na mbayuwayu wakajaa juu ya bustani kama mawazo mema. Chini kwenye bustani, nyuma ya ua la michongoma, askari wa Kamisheni walikuwa wameshajipanga tangu asubuhi na nyavu za kukamatia vipepeo. Walizidaka ndege zote. Kisha wakapanda ngazi wakamdaka mwalimu.

Siwatu aliwaambia kwa upole, akiwa na uhakika kabisa, "Mpigieni Naibu Waziri. Analijua jambo hili."

"Tunajua kwamba analijua," mkubwa wao alijibu.

*

Alishtakiwa kwa kosa la kujua jambo kabla halijavumbuliwa.

Hakimu alikuwa mtu wa makamo anayeitwa Pazi, mwenye sifa ya kutoa hukumu za busara kwa sababu aliletewa zikiwa zimeshaandikwa na watu wenye busara. Ukumbi ulijaa. Siwatu alisimama kizimbani na gauni la shuleni, akieleza kwa sauti ya darasani alivyoanza kukunja akiwa msichana, alivyoibuni mbayuwayu, na nani alimwomba. Mwendesha mashtaka alimsikiliza kwa huruma kubwa.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "mshtakiwa anadai alimkunjia mdogo wake ndege. Basi tumsikie mdogo wake, ambaye kwa uzalendo wake usio na kifani ndiye aliyetuarifu siku, mahali na saa ya uhalifu huu."

Siwatu alidhani amesikia vibaya. Aligeuka kutazama mlango.

Bushiri aliingia na suti nyingine mpya. Aliapa. Alisema dada yake ni mwalimu mzuri, mtu wa watu, ila kukunja hajui na hajawahi kujua. Alichokifanya ni kuiga kazi ya Rubani Mkuu baada ya kuiona uwanjani, kisha kujigamba kwamba ni yake. Yeye kama ndugu anaumia. Yeye kama kiongozi amenyamaza inavyotosha.

"Uliniambia nirushe," Siwatu alisema kutoka kizimbani. Hakupaza sauti. "Nilikuuliza mara mbili."

"Mshtakiwa asizungumze na shahidi," alisema Hakimu Pazi. "Ni Mheshimiwa."

Bado Siwatu alikuwa na tumaini, na tumaini hilo lilikuwa limekaa kwenye benchi la mbele. Mama alikuwapo siku zote hizo. Mama ndiye aliyemletea chai akikunja, ndiye aliyeokota mbayuwayu zilizoangukia kwenye sufuria ya maharage akalalamika huku anacheka. Mwendesha mashtaka alipomwita Bi Mgeni, Siwatu alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Bi Mgeni alipanda polepole. Alivaa gauni jipya la kitenge na viatu vya ngozi ambavyo vilimbana, kwa maana alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Aliapa kwa jina la Mungu.

"Mama, ulimzaa mshtakiwa?"

"Nimemzaa."

"Ameishi kwako maisha yake yote?"

"Ndiyo."

"Umewahi kumwona akikunja karatasi?"

Bi Mgeni alitazama feni ya darini. Ilikuwa haifanyi kazi, lakini aliitazama kana kwamba anaifuata ikizunguka.

"Sijawahi," alisema.

"Hata mara moja?"

"Hajui kukunja. Tangu utotoni. Hata khanga zangu nilizikunja mwenyewe."

Watu walicheka. Siwatu hakusikia kicheko. Alikuwa akimtazama mama yake shingoni, mahali pale ambapo kola ya kitenge kipya iliacha alama nyekundu, na alitaka sana amwambie ailegeze. Ndivyo akili yake ilivyokwenda. Haikuweza kwenda mahali pengine.

Hakimu Pazi alisoma hukumu. Kwa kuwa mashahidi wawili wa damu wamethibitisha bila shaka kwamba mshtakiwa hajui kukunja, mahakama inatangaza rasmi kwamba hajui. Na kwa kuwa hajui, amepatikana na hatia ya kujifanya anajua. Afukuzwe kazi, afungwe, na tangazo la kutojua kwake litolewe katika gazeti la serikali ili raia wasipotoshwe.

*

Gerezani walimheshimu. Wafungwa wengine walikunja nguo zao kila asubuhi kwa amri. Zake zilichukuliwa zikakunjwa na askari, maana mahakama ilikuwa imesema.

Mama alikuja kumtembelea na bakuli la wali wa nazi. Alikaa upande wa pili wa waya bila kulifungua.

"Umepungua," alisema.

"Chakula kinatosha, Mama."

Mwishowe Bi Mgeni akasema, kwa haraka, kama mtu aliyeyabeba maneno njia nzima, "Walikuja nyumbani. Wakaniambia nikisema kweli, mtaingia ndani wote wawili, wewe kwa kukunja na yeye kwa kukuficha. Nikisema walivyotaka, atabaki mmoja. Ningefanyaje, Siwatu? Mimi ni mzazi. Nilitaka mmoja abaki nje."

"Ukamchagua yeye."

"Wewe una nguvu. Yeye hana. Wewe hata ukianguka unasimama. Na kama wewe ndiye ungetakiwa kumwokoa, ungejitoa vivyo hivyo. Ninakujua."

Siwatu alifikiri. Lilikuwa jambo la kweli, na ukweli wake ndio uliomuuma kuliko uongo wa mahakamani.

"Ningejitoa, Mama," alisema. "Lakini sikuulizwa."

Bi Mgeni alilia. Askari wa zamu alilikagua bakuli la wali, akala nusu kwa usalama wa mfungwa, akampa Siwatu iliyobaki.

*

Aliachiwa kabla ya muda wake, kwa msamaha wa Rubani Mkuu, na hakuambiwa sababu. Sababu ilikuja kula chakula cha mchana Jumamosi iliyofuata, ikiwa kwenye gari jeusi.

Nyumba ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na bati jipya, sofa zenye plastiki, na picha ya Bushiri akipeana mkono na mtu ambaye kichwa chake kilikuwa nje ya fremu. Bi Mgeni alipika biriani. Walikaa mezani watatu, wakala.

"Dada," alisema Bushiri, "tusiyafukue yaliyopita. Yalikuwa ya kisiasa, na wewe mwenyewe unaona nimekutoa." Alisukuma sahani pembeni. "Rais wa nchi jirani anakuja kutembelea. Ameandika kwa heshima kwamba haombi zawadi wala gwaride. Anaomba tu aione mikono ya mvumbuzi ikikunja, mbele yake, karatasi mpya."

"Hilo si zito. Mvumbuzi yupo."

"Mvumbuzi hajui aanzie wapi." Sauti yake ilishuka. "Ndege zako zimechakaa. Kamisheni ilifungua moja kuona siri, ikashindwa kuifunga. Ikaundwa kamati ndogo, ikaifunga ikawa kama bahasha. Wale wanafunzi wako wamehamishwa shule za mbali na kila ukiwauliza wanajibu walivyofundishwa kujibu, hawajui. Sasa mimi ndiye nimeambiwa nijifunze haraka, nimfundishe mzee."

Alifungua mkoba, akatoa bunda la karatasi nyeupe, akaliweka katikati ya bakuli la kachumbari na jagi la maji.

"Nionyeshe tu mara moja. Nina akili, nitashika."

"Nilikuonyesha miaka yote ya utoto wako," alisema Siwatu. "Ulikuwa unaangalia nini?"

Bushiri alifikiri, na jibu lake, kwa mara ya kwanza katika siku nyingi, lilikuwa la kweli. "Nilikuwa naangalia itakapotua."

Siwatu aliigusa karatasi ya juu kwa ncha za vidole. Ilikuwa karatasi nzuri, nyepesi, yenye unyoofu ambao mikono yake iliutamani. Alirudisha mkono wake mapajani.

"Mimi sijui kukunja, Bushiri. Mahakama imesema. Imetoka gazetini."

"Dada, tuko nyumbani hapa."

"Nikikunja nitakuwa nimevunja sheria tena. Nitakuwa nimemfanya na mama yetu kuwa mwongo mbele ya Mungu." Alimgeukia Bi Mgeni. "Au nimekosea, Mama? Wewe uliapa. Mwambie mwanao kama najua au sijui."

Bushiri naye alimgeukia mama. "Mama, mwambie anikunjie. Wewe anakusikiliza."

Bi Mgeni alikuwa ameshika kijiko chenye wali. Alimtazama mtoto huyu, akamtazama yule. Akakiweka kijiko chini.

"Dada yako hajui," alisema. "Niliapa."

Bushiri alikusanya karatasi zake akaondoka bila kunawa mikono. Bi Mgeni alibaki akimtazama binti yake kama anayesubiri kitu, pengine kushukuriwa. Siwatu alikusanya vyombo, akaenda kuosha.

*

Ziara ilifanyika. Mgeni aliketi kiti cha mbele, na Rubani Mkuu akaletewa meza, karatasi, na Bushiri pembeni wa kumnong'oneza. Waliigeuza karatasi huku, wakaigeuza kule. Waliikunja katikati, wakaifungua. Bendi ilimaliza nyimbo zake zote ikaanza upya. Hatimaye Rubani Mkuu, kwa hasira, aliifinyanga karatasi ikawa donge, akalitupa. Donge lilikwenda mbali kuliko ndege yoyote aliyowahi kuirusha, likampiga mkuu wa itifaki kwenye sikio.

Mgeni hakukohoa. Alicheka waziwazi mpaka akashika tumbo.

Jioni redio ilitangaza kwamba taifa limevuka zama za mabawa. Ndege ya kisasa ni ya mviringo, na Rubani Mkuu ameivumbua hadharani, mbele ya mgeni mashuhuri aliyeshindwa kuzuia furaha yake. Sheria ya Ulinzi wa Mikunjo ilifutwa, ikaletwa Sheria ya Ulinzi wa Madonge. Wauza karanga waliokuwa gerezani kwa kukunja waliachiwa, wakakamatwa mlangoni kwa karatasi za kuachiwa walizozifinyanga kwa furaha. Na kwa kuwa lazima awepo mtu aliyeichelewesha nchi muda wote huo kwa kuishikilia fikra potofu ya mabawa, alitafutwa, akapatikana. Gari jeusi likaanza kumbeba Naibu Waziri mwingine.

Bushiri alirudi nyumbani mchana mmoja kwa miguu, na begi moja begani. Siwatu alikuwa uani anachambua mchele. Siku hizo alikuwa anaishi kwa kuwafundisha hesabu watoto wa jirani. Mama alikuwa amelala. Bushiri alivuta kigoda akaketi karibu na ungo, akaanza kuokota chuya pamoja naye, vibaya, akitupa na punje zilizo nzima.

"Kesi yangu ni wiki ijayo," alisema. "Wanasema niliipotosha nchi. Kila rafiki niliyempigia simu, haipokei. Mwanasheria anasema nikipata shahidi mmoja tu wa kunisemea, mtu anayeheshimika, asimame aseme Bushiri ni mtu wa namna gani, naweza kupona."

Siwatu aliupeta mchele. Makapi yaliruka, mchele ukabaki.

"Dada, sina mwingine. Katika nchi hii nzima, wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwamini."

Siwatu aliuweka ungo chini, akamtazama bila hasira.

"Najua," alisema. "Hata mimi nilikuwa na mtu kama huyo."